Bitana

Miaka thelathini na moja umeilaani poliesta.
"Nguo ya plastiki," ukisema, "haipumui,
inamvundika mtu kama ndizi,"
ukaisukuma chini ya meza, Rafikul akaiokota
kwa wateja wake wa bei poa.
Duka lako la Ibra, nyuma ya soko,
ni pamba tu, na tepu shingoni mwako
tangu alfajiri, hata msikitini ukiisahau.

Leo Daktari Raya ametuonyesha bomba la kitambaa,
jeupe, la vikunjo vikunjo,
jembamba kuliko mkono wa kanzu ya kichanga.
Ukalisugua kwa vidole viwili.
Ukanigeukia.
"Zuwena," ukasema kwa Kiswahili, asisikie,
"hawa watu wataniwekea poliesta."

Tulikwenda kwa mawe ya figo, basi.
Mafuta baridi tumboni, na kijana wa mashine akanyamaza
kimya cha aliyeona nyoka chini ya mkeka wa mwenzake.
Mshipa mkuu, ule utokao moyoni kwenda miguuni,
umefura usawa wa kiuno.
Sentimita tano nukta nane.
Ulitaka kujua wamepima wapi mpaka wapi,
kwa nje ya ukingo au kwa ndani,
maana nguo nyingi, ulimwambia, hupotelea hapo.

Nami nikainama.
Maana miezi, labda miaka,
usiku ukilala chali,
kiganja changu juu ya kitovu chako
kilisikia dundo, dundo.
Nikadhani ni moyo umeteremka kunisogelea.
Nikalala nao. Nikaringa nao, Muhenna.
Kumbe ukuta ulikuwa unakonda.

Muscat, chumba cha kusubiri, kiyoyozi kikali.
Nilikuja na kofia niliyoianza Shaabani,
nikawa nazungushia uzi vitundu vyake.
Walikuwa wameniambia: tutaubana mshipa kwa koleo,
chini kidogo ya figo,
na miguu itasubiri bila damu
kama shamba lisilo zamu ya falaji.
Kwa muda gani? Inategemea.
Vitundu arobaini na tatu.
Viwili nilivikosea. Sikufumua.

Akatoka, barakoa imemchora mashavu.
Wamepasua toka chini ya kidari, wamepita kando ya kitovu.
Wameufungua uvimbe, wamekomba damu iliyoganda
tabaka kwa tabaka kama halwa ya juzi.
Wameshona juu, wameshona chini,
uzi wa buluu, mshono mmoja usiokatwa njiani,
sindano imepinda kama mwezi wa siku mbili.
Na mshipa wa zamani hawakuutupa:
wameurudishia juu ya kitambaa, wakaufunga.

"Bitana," nikasema. Limenitoka tu.
Akacheka, neno hilo ni la kwao pia.
"Batni, bitana," akasema, akajigusa tumbo.
Ndipo nikalia.

Muuguzi Shainimol, wa Kerala,
alikuwa akija kila saa kuutafuta mpigo mguuni pako.
Akiupata, anatia msalaba kwa kalamu juu ya ngozi
kama wewe na chaki.
Siku ya pili ukafumbua macho,
koo limechubuka kwa mpira wa pumzi,
na swali la kwanza halikuwa langu:
"Walianzia mshono mbele au nyuma?"
Nikaenda kuuliza, nitafanyaje.
Nyuma.
"Ndivyo," ukasema, ukalala tena.

Sasa uko nyumbani, hubebi jora.
Jana umemkaripia Rafikul kwenye simu
juu ya poliesta, ile ile, bado haipumui,
na mkono wako wa kushoto
ulikuwa umelishika kovu kupitia kanzu.

Usiku kiganja changu huenda kulitafuta dundo.
Lipo, lakini dogo, la mbali,
limefundishwa adabu.
Namshukuru Mungu, kila nikilikuta namshukuru.
Na lile la zamani, lililotaka kukuua,
lililokuwa likinigonga mkononi kama mtu mlangoni,
nalikumbuka.
Hili sijamwambia mtu.